Aliyeshukuru kwa Maji ya Siku Moja

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, viongozi wa kanisa na wa serikali mliopewa viti vya mbele, wakwe zetu mliotoka Butiama, vijana mliokaa kule juu ya mawe, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumanne tarehe 29 Aprili 2025 mkaja kutusitiri, mimi naitwa Naomi Keraryo, ni shangazi wa marehemu, ndugu wa tumbo moja na baba yake, na wengi mnanijua kwa dagaa wangu pale sokoni Mwigobero na kwa mdomo wangu ambao haujawahi kuhitaji kipaza sauti. Kazi hii ya kusoma huwa wanapewa vijana wenye elimu, na familia ilikuwa imeshampa mmoja, lakini jana kaka yangu Burito aliniita pembeni akasema nisome mimi, na sababu yake mtaisikia huko mbele. Kamati imeniomba niwe na maneno machache, nami nitajitahidi, ila maisha yenyewe yamekuwa mafupi, tukiyafupisha tena sijui tutakuwa tumezika nini.

Marehemu Chrispin Burito Keraryo alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1996, katika zahanati ya misheni Nyegina, akiwa mtoto wa tatu na mvulana wa kwanza wa mzee Burito Keraryo na mama Susana. Siku hiyo mama yake alishikwa na uchungu njiani, akitoka kuchota maji ziwani, tukiwa wanawake wanne na ndoo zetu kichwani, tukamwaga maji yote pale mlimani tukambeba yeye, na mpaka leo Susana husema mtoto yule alitugharimu ndoo nne kabla hajavuta pumzi. Ziwa mnaliona wote, hata hapa kaburini ukisimama unaliona linang'aa hapo chini, lakini kulifuata na kurudi na ndoo kwenye mawe haya ni safari inayomzeesha mwanamke kabla ya wakati wake. Alibatizwa Nyegina mwaka huohuo, akapata Kipaimo mwaka 2008, na alikuwaga mtoto wa kutumikia altareni, mwenye soksi zilizopanda mpaka magotini.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 2003 katika shule yetu ya msingi hapa kijijini na kuhitimu mwaka 2009, akiwa kiranja mkuu na mpandisha bendera, kazi aliyoifanya kwa moyo hadi kutuchekesha, kwa maana mvua ikinyesha wenzake wanakimbilia chini ya paa, yeye anabaki anaikunja bendera, anakuja nayo kifuani, analowa yeye isilowe yenyewe. Alisoma sekondari ya kata kuanzia mwaka 2010 hadi 2013, akachaguliwa kidato cha tano na cha sita huko Bunda, akamaliza mwaka 2016, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa kambi ya Rwamkoma, akarudi mweusi, mwembamba, ana nyimbo nyingi, akawapanga watoto wa ukoo mzima foleni hapo uani wakipiga kwata na vijiti vya mihogo mabegani. Mwaka huohuo alijiunga na chuo kikuu Mwanza, akahitimu shahada ya ualimu mwaka 2019, na siku ya mahafali baba yake alivaa suti ambayo hakuivaa hata siku ya harusi yake mwenyewe.

Sasa naingia kwenye kazi, na hapa ndipo kamati iliponishauri niseme tu kwamba marehemu alikuwa mjasiriamali, nami nimekataa, kwa sababu Chrispin alikuwa mwalimu. Aliomba ajira tangu mwaka aliohitimu mpaka mwaka huu, kila nafasi zilipotangazwa aliomba, kila majina yalipotoka tulikaa naye tukayasoma kwenye simu mpaka jina la mwisho, halafu anazima simu, anasema shangazi, tule. Wakati anasubiri hakukaa kijiweni. Kuanzia Januari 2020 alijitolea kufundisha Uraia katika sekondari ileile aliyosoma, bila mshahara, akitembea kwa miguu kwenda na kurudi, na nilipomuuliza kwa nini anafundisha uraia wakati hao wenye nchi hawamjui hata kwa jina, alinijibu kwamba nchi haina wenyewe, shangazi, ni sisi.

Mwaka huo wa 2020 ukaletwa mradi wa maji, nao ulitaka wananchi wachimbe mtaro wa bomba kutoka ufukweni mpaka kwenye tangi hapo juu. Kaka yangu Burito, ambaye ni mwenyekiti wa kijiji hiki tangu mwaka 2014, aliitisha mkutano mara mbili, wakaja wazee na mbwa wao, vijana wakasema nchi ina wenyewe, basi wenyewe wachimbe. Ndipo Chrispin akawazungukia wenzake mlango kwa mlango, akaitisha risaga, ule utaratibu wetu wa kuitana kufanya kazi bila ujira, leo kwako kesho kwangu, akawaambia wasimwamini mtu mwingine yeyote, wamwamini yeye. Mkaja. Nasema mkaja kwa sababu wengi mko hapo juu ya mawe nawaona. Tangu Septemba hadi Februari mlichimba kila Jumamosi, mkapasua mwamba kwa nyundo na moto, sisi kina mama tukapika ugali na dagaa, na siku ile mtaro ulipofika tangini mlikataa kunawa. Kwetu hapa, iwe kulima, iwe kuezeka, iwe kaburi, kazi ya pamoja haijaisha mpaka mwenye kazi awape watu maji wanawe, na asiyenawa bado yuko kazini, sasa ninyi mkasema maji ya kunawa kazi hii yatatoka kwenye bomba lenyewe, na mkasubiri miezi minne.

Uzinduzi ulifanyika Alhamisi tarehe 17 Juni 2021. Kulikuwa na hema, muziki, na mgeni rasmi ambaye simtaji, aliyekuwepo anamjua, bomba likafunguliwa na maji yakatoka, jamani, yalitoka kweli, yakaruka mpaka kwenye viatu vya wageni, na Susana akacheza mbele za watu na ndoo yake kichwani. Chrispin akapewa kipaza sauti atoe neno la shukrani kwa niaba ya vijana, akashukuru vizuri hadi nikalia, akasema wale wanaosema nchi ina wenyewe waje waone wenyewe ni akina nani, halafu mkajipanga mmoja mmoja pale bombani, mkanawa.

Kesho yake Susana akaenda na ndoo, bomba likakohoa mara moja likanyamaza. Chrispin alipanda juu ya tangi akakuta matope kidogo chini, akaona pembeni matairi ya boza yamechimba udongo mbichi, akaufuata mtaro wenu hatua kwa hatua mpaka ufukweni, kwenye kile kijumba cha pampu, akafungua mlango, wakatoka popo. Pampu haikuwepo. Maji tuliyoyachezea yaliletwa na boza hilo, lori la maji, siku iliyotangulia, yakamwagwa tangini yakatosha sherehe, na ninyi mlikuwa mmeshanawa kazi ambayo haikuwa imeisha. Alirudi akamkuta baba yake anakunywa chai, mimi nikiwepo, akamuuliza kwa adabu kama alijua, na kaka yangu akamjibu kwamba mtoto hamhoji mzazi, akaendelea na kikombe chake. Tangu siku hiyo hawakuzungumza tena, salamu wanapeana, mazungumzo hapana, karibu miaka minne katika familia moja, na mimi katikati yao nilichoka.

Jumatatu iliyofuata aliingia darasani, somo likiwa ni wajibu wa raia, akaandika kichwa cha somo ubaoni, akaishia hapo. Aliweka chaki mezani, akaenda kumshukuru mkuu wa shule, akatoka, na tangu hapo mpaka anakufa hakupiga kura, hakukanyaga mkutano, na wimbo wa taifa ukipigwa kwenye mpira alikuwa anainama kufunga kamba za viatu, hata kama amevaa ndala. Mimi nilimkasirikia, sifichi. Nilimwambiaga hasira zako za haki umezifanya shuka la kujifunika, na kama nchi ina wenyewe, wewe ni mgeni wa nani? Kumbe alikuwa na yake moyoni, ambayo mimi nilikuja kuijua baadaye.

Yake ilikuwa hii. Ninyi vijana mlikuwa mnasema kwamba yeye alijua. Mlisema mtoto wa mwenyekiti hawezi kukosa kujua, kwamba alilipwa ile shukrani, kwamba lisemwalo lipo, na yeye anawasikia. Angeweza kuwaambia kamuulizeni baba yangu, maneno matatu tu, angekuwa ametakata, na hakuyasema, si kwenu, si kwa mama yake, si kwa mtu. Alikodi pikipiki akaenda kuendesha bodaboda Bunda kuanzia Julai 2021, na wenzake wa kijiwe wako hapa, watawaambia alikuwa dereva anayesimama kwenye kivuko cha watoto wa shule hata kama abiria anamtukana.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Ghati, binti wa mzee Magige wa Butiama, Jumamosi tarehe 7 Oktoba 2023, katika parokia ya Nyegina, na baba yake alikuja, akakaa benchi la nyuma kabisa kama mtu aliyeingia kujikinga na jua. Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa Ijumaa tarehe 2 Agosti 2024, wakampa jina langu Naomi, na mama mkwe wa Ghati anaomba kila siku mtoto asichukue na mdomo. Ghati mwanangu, nakuona. Ulimpokea kijana ambaye alikuwa ameacha kuamini karibu kila kitu, na kwako alikuwa anacheka, nasi kama ukoo tunakushukuru kwa kicheko hicho, na hapa ni kwako, hakuna wa kukuondoa.

Ulipokaribia uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba mwaka jana, Ryoba, ambaye ni rafiki yake tangu shule ya msingi, alimfuata Bunda na kumwomba agombee uenyekiti wa kijiji hiki, asimame hata kama ni dhidi ya baba yake. Jibu lake Ryoba amenipa kama lilivyotoka, nami nalisoma kama lilivyotoka: "Siwezi kuomba kura kwa mtu niliyemchimbisha mtaro mkavu. Kwanza nimpe maji." Uchaguzi ukapita, kaka yangu akarudi kwenye kiti chake kwa kura za wazee wenzake, na ninyi mkabaki kijiweni mnabeti mechi za Ulaya, mkasema nchi ina wenyewe. Sawa, ina wenyewe. Lakini wakati mnasema hivyo, yule mliyemwita msaliti alikuwa ameshaamua kurudi.

Alirudi Januari mwaka huu, akaitisha risaga tena, safari hii ya kuchimba kisima, bila mradi, bila hema, bila mgeni rasmi, kazi ya kijiji kwa mikono ya kijiji. Alipita kwenye milango ileile, na kwenye milango hiyo alijibiwa kwa dhihaka, kwamba je, tutanawa tena kwa boza? Walikuja watatu, Ryoba, Elias na Gasper, na yeye wa nne. Wakachagua kuchimba kando ya mtaro wenu wa zamani, kwa kuwa pale mwamba ulikuwa umeshapasuliwa na watu wanne hawana nguvu ya kupasua mwingine, na hilo ndilo kosa lao, wala si kosa la uvivu, ni kosa la uchache. Mvua za Machi zilipokuja, maji yalituama ndani ya mtaro ule ambao haukuwahi kupitisha tone la bomba, yakapenya chini kwa chini, na Jumamosi tarehe 12 Aprili, Chrispin akiwa chini kisimani anajaza ndoo za udongo, ukuta wa upande wa mtaro ukamwangukia.

Ryoba alimfukua kwa mikono, kucha zake mnaziona. Marehemu alifikishwa hospitalini Musoma siku hiyohiyo, ikaonekana nyonga imevunjika na figo zimeumia kwa kubanwa na udongo, na Jumatatu tarehe 14 Aprili akapewa rufaa kwenda Mwanza. Kaka yangu Burito alikaa nyumbani siku nne, akizunguka uani, anashika hiki anaacha hiki, siku ya tano akapanda basi. Nilikuwepo wodini alipoingia. Alisimama miguuni mwa kitanda, hakukaa, akasema: "Nilijua habari ya boza. Waliniambia pampu inakuja wiki inayofuata, nikaona aibu kuwarudisha wageni." Chrispin akamwonyesha kiti akae, akamjibu kwa sauti ndogo: "Usiniambie mimi, baba. Waambie waliochimba."

Baada ya hapo walizungumza siku nyingi kuliko nilivyotegemea, habari za ng'ombe, habari za mtoto, baba akamlisha uji kwa kijiko. Ijumaa tarehe 25 Aprili, saa tatu asubuhi, marehemu Chrispin alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Muungano, ofisi zimefungwa na bendera zinapepea barabara nzima, tukasubiri mpaka Jumatatu kupata mwili wetu.

Waombolezaji, hiyo ndiyo sababu ninasoma mimi. Kaka yangu alijaribu jana kuyasema mbele ya familia tu, sauti ikakatika, akanipa mimi mdomo nimsemee, naye yuko pale, kofia mkononi, hajakimbia. Basi waliochimba mmeambiwa. Chrispin hakujua. Alishukuru kwa sababu aliamini, kama ninyi mlivyoamini, na alinyamaza ili baba yake asiaibike, na ninyi mkala heshima yake miaka minne, na mimi shangazi yake inaniuma mpaka sasa hivi ninavyosimama, siwezi kuwadanganya kwamba hainiumi. Leo asubuhi mmekuja kuchimba kaburi, mmetoka Kamunyonge, mmetoka Bunda, mmekuja wengi majembe yakapungua, mkapokezana, kaburi likaisha kabla chai haijachemka. Kwa kaburi lake mmekuja wote. Kwa kisima chake mlikuja watatu. Sisemi kwa kuwatukana, maana aliyeungua na uji hupuliza hata maji, na ninyi hamkujiunguza wenyewe, mliunguzwa, na baadhi ya waliowaunguza leo wamekaa kwenye kivuli cha hema. Nawauliza tu kama wazazi wanavyowauliza watoto wao, ni lini mtakuja wengi hivi kwa ajili ya aliye hai?

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa Musoma na wa Mwanza waliompigania kijana wetu kwa siku zote hizo, kwa Baba Paroko aliyemfuata kumpa Mpako Mtakatifu, kwa walimu wa sekondari aliowahi kujitolea nao, waliokuja na wanafunzi wake wa zamani, kwa madereva bodaboda wa Bunda mliousindikiza mwili na taa zikiwaka mchana, kwa kina mama wenzangu wa Mwigobero mliofunga meza zenu, kwa majirani mliolala hapa, na kwa Ryoba, Elias na Gasper, ambao sina la kuwapa, Mungu awaone. Kama nimemsahau mtu anisamehe, leo si siku ya kununiana.

Tangazo la mwisho ni la waliochimba kaburi. Maji ya kunawa yako kwenye mabeseni pale kando ya jiko, yamepandishwa na punda kutoka ziwani, ni safi na yanawatosha, hivyo anayetaka anawe, ale, aende salama, hakuna wa kumtazama vibaya. Ila kaka yangu Burito, ambaye leo aliingia kaburini na jembe pamoja na watoto wake, na mikono yake mnaiona ina udongo mpaka kwenye viwiko, ameniambia niwatangazie kwamba yeye hanawi. Fundi wa visima ametoka Bunda jana akashuka kuangalia, anasema udongo wa chini ulikuwa umeshalowa, maji hayako mbali, lakini kwanza mtaro ule ufukiwe wote kuanzia juu mpaka ziwani, ndipo kisima kijengewe mapete ya zege na kuchimbwa tena kwa usalama. Tukishafukia hapa, mwenyekiti wenu anakwenda kuanza kufukia mtaro. Ryoba naye amesema hanawi. Wengine sijui, ninyi ni watu wazima, na majembe mnayo mikononi.

Chrispin mwanangu, mwalimu wetu, umemaliza, pumzika, amani tuachie sisi tuihangaikie, na siku tutakayonawa, ndoo ya kwanza Susana ataileta hapa ulipolala.